Ofisi Imehamia Kwangu, Pango Nalipa Mimi

Mama yangu hupiga hodi kwenye pazia. Chumba ninachofanyia kazi hakina mlango, kwa hiyo husimama nje, hukohoa kidogo, husema "hodi, mwanangu," kisha husubiri. Ana miaka 69. Nyumba hii tunayoishi, hapa Magomeni, Mtwara, aliijenga yeye na marehemu baba kwa fedha za korosho, msimu huu msingi, msimu ujao kuta. Siku ya kwanza aliponibishia hodi nilikuwa kwenye mkutano wa mtandaoni na watu wa Dar es Salaam. Nikamwonyesha kiganja kupitia upenyo wa pazia: subiri. Mkutano ulipoisha nikatoka, nikamkuta bado amesimama, ameegemea ukuta, mkononi kashika nazi iliyokwisha kuvunjwa. Alitaka kujua kisamvu akiunge kwa nazi au akiache, maana jana yake alinisikia nikilalamika tumbo. Mama alisubiri zaidi ya dakika kumi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mkutano ule ulihusu nini sikumbuki hata kidogo. Ile nazi mkononi mwake naiona mpaka leo.

Mimi ni mhasibu. Kampuni iliyoniajiri ina makao makuu Dar es Salaam, na hapa Mtwara ilikuwa na tawi la watu watatu katika vyumba viwili vya kupanga mjini. Juni 2021 tuliambiwa mkataba wa pango umeisha na hautaongezwa. Kila mtu achukue kompyuta yake aende nayo nyumbani, kazi iendelee. Dunia nzima ilikuwa imepita kwenye korona na watu wamezoea kukutana kwenye skrini, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Tulibeba kompyuta, mashine moja ya kuchapia, na mafaili kwenye viroba. Kiti changu cha ofisini sikuruhusiwa kukichukua. Kiliorodheshwa kama mali ya kampuni, kikapandishwa kwenye lori.

Nilifurahi, na sioni sababu ya kulificha hilo. Mtoto wangu mdogo alikuwa na miezi saba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kumnyonyesha mwanawe, lakini kila nilipoomba kutoka nilijiona kama naiba. Nyumbani sikuwa na haja ya kumwomba mtu. Nilinyonyesha mpaka mtoto alipoacha mwenyewe. Mkubwa alijifunza kusoma akiwa amekaa mkekani miguuni kwangu, akifuata herufi kwa kidole. Asubuhi ningeweza kwenda kununua samaki ngalawa zikiwa ndiyo kwanza zinashusha, nikarudi na saa ya kazi haijafika. Mambo hayo nimeyapata kweli, na mtu akiniambia leo nirudi ofisini siku tano kwa wiki nitakataa.

Kuna hoja moja ya watu wa Dar es Salaam ambayo huku haituhusu sana, nayo ni foleni. Mtu wa Mbagala au Kibaha akibaki nyumbani anaokoa saa tatu, pengine nne. Hizo ni saa za kulala, za kuwaona watoto, za kuishi. Mtwara hatuna foleni. Kutoka kwangu hadi ofisini ilikuwa robo saa kwa bodaboda, na dereva akiwa ana haraka zake inapungua. Kwa hiyo kazi ilipohamia nyumbani, kampuni iliokoa pango la vyumba viwili, na mimi nikaokoa nusu saa kwa siku. Hapo ndipo hesabu yangu ya uhasibu ilipoanza kukataa kulingana.

Kwanza niseme juu ya ufanisi, kwa kuwa ndilo jambo mabosi wanaloliogopa. Ukimwambia meneja kwamba watu watafanyia kazi nyumbani, anachokiona kichwani ni mtu amelala kwenye kochi. Kwangu ilikuwa kinyume. Usuluhishi wa hesabu za benki, yaani kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, ambao ofisini nilikuwa naukamilisha tarehe 9 au 10 ya mwezi unaofuata, nikawa naupeleka tarehe 4. Meneja alinitaja kwenye mkutano, akasema wenzangu waige mfano wa Mtwara. Nililala nikiwa na furaha siku hiyo.

Baadaye nilisoma juu ya jaribio lililofanyika Shanghai kuanzia mwaka 2010. Kampuni ya usafiri ya China, Ctrip, ilishirikiana na wachumi, akiwemo Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wafanyakazi 249 wa kituo cha simu, waliokuwa wamejitolea na kutimiza masharti, waligawanywa kwa siku za kuzaliwa: waliozaliwa tarehe za shufwa walikwenda kufanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki, wa tarehe za witiri wakabaki ofisini. Baada ya miezi tisa, utendaji wa waliokuwa nyumbani ulikuwa umepanda kwa asilimia 13. Watu wengi huishia kwenye hiyo 13. Mimi ni mtu wa hesabu, nikataka kujua imetoka wapi. Asilimia 9 ilitokana na muda: mapumziko yao yalipungua, siku za ugonjwa zikapungua, wakakaa kazini dakika nyingi zaidi. Asilimia 4 ndiyo ilitokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa kila dakika, kwa sababu kulikuwa kimya.

Nilipoisoma ile 9 nilijiona humo. Novemba 2021 niliugua malaria. Hospitali walinipa ED, yaani ruhusa ya kutofanya kazi, ya siku tatu. Enzi za ofisi ningelala siku tatu, kwa sababu mwili uliolala Magomeni hauwezi kuwa mjini kwa wakati mmoja. Safari hii kompyuta ilikuwa pembeni ya kitanda. Siku ya pili tu nilikuwa nimeegemea mto, dawa za mseto kichwani, nalinganisha hati za malipo. Hakuna aliyenilazimisha. Meneja aliandika tu, "Pole dada, ukipata nafuu niangalizie ile ya wasambazaji." Nikaangalia. Kwenye takwimu za kampuni, mwezi ule sikuumwa.

Chakula cha mchana nacho kilihamia mezani pa kazi. Nilikuwa nakula ugali kwa mkono wa kulia, kushoto nasogeza kipanya. Mwaka uliofuata nikaanza kuandika saa zangu kwenye daftari, kwa mwezi mmoja, bila kujihurumia wala kujipendelea. Wiki nyepesi ilikuwa saa 51, wiki nzito 60. Sheria ile ile ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na kati ya kumaliza kazi na kuianza tena mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za kupumzika. Mimi nilikuwa namaliza saa nne na nusu usiku na kuanza saa moja asubuhi. Hizo ni saa nane na nusu. Ofisini mlinzi alikuwa anazima taa za korido saa kumi na mbili jioni, na hiyo ilitosha kututoa. Nyumbani hakuna wa kunizimia taa.

Kuna maneno matatu ambayo nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu tangu mwaka huo: si uko nyumbani?

Wa kwanza kunitamkia alikuwa mjomba wangu. Kwetu Wamakonde mjomba ni mtu mzito. Akikuita unaitika kwanza, maswali baadaye. Alikuja Jumanne saa nne asubuhi, nikatoka nikamwamkia, akaniambia ana miadi ya macho Hospitali ya Ligula, nimsindikize. Nikamweleza kwamba niko kazini. Akatazama kitenge changu, akamtazama mtoto mgongoni, akaniuliza bila ubaya wowote: "Kazini wapi, mwanangu? Si uko nyumbani?" Nilimsindikiza. Kazi ya siku ile niliifanya usiku.

Kisha ikawa misiba. Huku msiba wa jirani ni wako: utakwenda kukaa mkekani, utachambua mchele, utachota maji. Mtu aliyeajiriwa mjini akichelewa mpaka jioni anaeleweka. Anayeonekana dirishani kwake mchana kutwa haeleweki, na siwalaumu wanaonishangaa. Kisha ikawa shughuli za unyago wakati wa likizo za shule, ambapo mwali wa jirani ni mwali wetu sote na nguvu kazi inahesabiwa nyumba kwa nyumba. Jina langu likawa linatajwa la kwanza. "Yeye yupo tu."

Na wa mwisho kuyasema maneno yale yale alikuwa meneja wangu. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu na dakika arobaini usiku. Aliomba ripoti ya madeni ya wateja wa kanda ya kusini. Nikamjibu kwamba nitaituma Jumatatu asubuhi. Simu ikaita. "Dada yangu, si uko nyumbani? Ni dakika kumi tu hiyo."

Nikakaa na simu mkononi nikitafakari. Kwa mjomba, kuwa nyumbani maana yake sina kazi. Kwa meneja, kuwa nyumbani maana yake sina kitu kingine isipokuwa kazi. Wote wawili walikuwa wanautazama mlango ule ule, kila mmoja kutoka upande wake, na wote waliukuta wazi. Nadhani hapo ndipo ilipo shida yenyewe ya kufanyia kazi nyumbani kwenye familia kama zetu. Ofisini kuta zilikuwa zinanisemea. Mtu aliyekwenda ofisini amekwenda, na aliyerudi amerudi. Sasa kila siku nasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa watu ninaowaheshimu, na kila ninaposema naonekana ama nina kiburi au ni mvivu.

Wachumi watatu, David Atkin, Antoinette Schoar na Sumit Shinde, walifanya jaribio lingine mjini Chennai, India, kwa watu wa kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Huko matokeo yalikuwa tofauti na ya Shanghai: waliopangiwa nyumbani walizalisha pungufu kwa asilimia 18 kuliko wa ofisini. Kilichonigusa zaidi kilikuwa chini ya hapo. Waliotamani wenyewe kufanyia kazi nyumbani ndio walioshuka zaidi, asilimia 27 kuliko ambavyo wangefanya ofisini, wakati waliopendelea ofisi walishuka 13. Na kwa sehemu ilielezwa na hali za watu: wenye watoto, wenye wa kuwauguza, wanaotoka kaya maskini zaidi. Yaani anayeihitaji zaidi kazi ya nyumbani ndiye ambaye nyumba yenyewe inamvuta mkono zaidi.

Sidhani kama Shanghai na Chennai zinapingana. Kwenye jaribio la Shanghai, kuwa na mahali pako pa kufanyia kazi pasipoingiliwa na kuwa na intaneti nzuri nyumbani yalikuwa masharti ya kuingia, na vifaa vilitolewa na kampuni. Ukiondoa masharti hayo unabaki na watu kama sisi.

Ile asilimia 4 ya utulivu, kwangu, ina watu wanaoitengeneza. Mama huwachukua watoto akakaa nao chini ya mwembe kwa jirani mpaka jua linapogeuka. Mvua ikinyesha wanabaki ndani, na mkubwa amefundishwa kwamba mama akiwa na kisikizi masikioni hakuna kupiga kelele. Alifundishika vizuri. Mwaka juzi mwalimu wake aliniita shule. Nikadhani ni utundu. Akaniambia, "Mama, mwanao ana akili, lakini darasani hasikiki. Akijibu ananong'ona." Nikamtazama mwanangu amesimama pale, soksi moja imeshuka, nikamwambia amsalimie mwalimu. "Shikamoo," akasema, kwa sauti ile ile anayoitumia nyuma ya pazia langu. Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikupanda bodaboda.

Hakuna ripoti ya ufanisi yenye safu ya jambo hilo.

Jirani yetu, yule mwenye mwembe, ni mbanguaji wa korosho. Yeye anafanyia kazi nyumbani tangu kabla sijazaliwa, wala hajawahi kuipa jina. Mfanyabiashara humletea korosho ghafi, na yeye hulipwa kwa kilo ya iliyobanguliwa. Huwasha moto kwenye mafiga matatu, juu yake bati lililotobolewa, anamwaga korosho anazigeuza kwa mti mrefu. Mafuta ya ganda yakianza kutoka moto unalipuka na moshi mzito unapanda, moshi unaowasha macho na koo, kwa hiyo anasimama upande upepo unakotokea. Zikishakuwa nyeusi anazimwaga mchangani, anazifunika majivu yanywe mafuta. Kisha anakaa, anagonga moja moja juu ya jiwe kwa kipande cha mti, pigo moja lenye kipimo, kiini kinatoka kizima. Kikivunjika bei imeshuka. Ncha za vidole vyake zimekuwa nyeusi na ngumu, kwa sababu mafuta yale yanaunguza ngozi. Nilipokuwa mtoto nilidhani wanawake wote wa umri wake wana vidole hivyo.

Nilikuwa namwonea wivu kwa jambo moja. Debe likiisha, kazi imeisha. Ananawa, anajifunga khanga nyingine, na hakuna anayempigia simu saa tatu usiku kumwomba agonge korosho kumi tu. Kazi yake ina mwisho unaoonekana kwa macho. Ya kwangu haina debe.

Siku moja nikamuuliza kuni anapata wapi. Akacheka, akasema, "Kuni si zangu mwenyewe? Na bati langu, na majivu yangu." Yule mfanyabiashara analipia kiini peke yake. Kuni, moshi, vidole, na mjukuu anayesaidia kuchambua baada ya shule, vyote vinatoka ndani ya nyumba. Nikarudi kwangu nikafungua daftari. Umeme wa LUKU ulikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya Juni 2021, sasa unafika 38,000. Bando shilingi 50,000 ukipimia vizuri. Kiti nilinunua kwa fundi. Nilipoiandikia kampuni kuomba posho ya bando na umeme, jibu lilichukua mwaka mmoja na miezi miwili: bando nikapewa 20,000. Kuhusu umeme niliambiwa kila mtu ana umeme nyumbani kwake.

Sina chuki na kampuni yangu. Mshahara unakuja tarehe yake, na najua watu wengi ambao hawana hilo. Ila nalisema wazi kama mtu wa vitabu vya hesabu: gharama ya ofisi haikufutwa. Ilitolewa kwenye vitabu vya kampuni ikaandikwa kwenye kaya zetu, na kaya zetu hazikaguliwi.

Mei 2024 ndiyo iliyonifungua macho zaidi. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilipita baharini na kufika pwani, mvua zikanyesha kama zinalipiza, na barabara ya Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa. Mabasi yakasimama. Risiti na hati halisi ambazo huwa tunazituma kwa basi kila wiki zikakaa mezani kwangu kwenye bahasha ya kaki. Hatujamaliza kushukuru kwamba angalau intaneti ipo, tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika, na mtandao ukazorota Afrika Mashariki yote. Siku zile nilifungua barua pepe moja kwa muda wa kuchemsha maharage. Lakini nikaona jambo. Hakuna aliyenilaumu. Mikutano iliahirishwa kwa upole, meneja akaandika "poleni nyote," tarehe za ripoti zikasogezwa, kwa sababu Dar es Salaam nayo ilikuwa gizani.

Umeme ukikatika Mtwara peke yake, kwa saa sita, hapati pole mtu. Ofisini kulikuwa na jenereta na fundi wa kuliwasha, na kama halikuwaka lilikuwa tatizo la ofisi. Nyumbani ni tatizo la mhasibu. "Tafuta namna, dada." Namna nimezitafuta: nimekwenda kukaa hotelini na soda moja kwa saa nne, nimechaji kompyuta kwenye saluni, nimemaliza marejesho ya kodi nikitumia simu ya mume wangu aliporudi kutoka Newala mwisho wa wiki. Shida ya wote ni bahati mbaya, shida ya mmoja inakuwa uzembe wake. Na mtu anayefanyia kazi nyumbani, mbali na makao makuu, karibu kila shida yake ni ya mmoja.

Upweke nitausema kwa kifupi. Wenzangu wa Shanghai waliusema kabla yangu: jaribio lilipokwisha na wakaruhusiwa kuchagua, karibu nusu ya waliokuwa nyumbani walirudi ofisini, na sababu kubwa ilikuwa upweke. Na ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, waliokuwa nyumbani walipandishwa vyeo kwa nadra zaidi. Nafasi ya mhasibu mwandamizi ilipotoka kwetu, niliijua kupitia pongezi za kwenye kundi la WhatsApp. Aliyeipata anaistahili. Nilimpongeza kwa moyo mweupe. Nilichoumia ni kwamba sikujua kama ilikuwepo.

Mwaka 2024 Bloom na wenzake walichapisha jaribio jingine kwenye jarida la Nature, la wafanyakazi 1,612 wa Trip.com, ambalo ndilo jina jipya la kundi lile lile la Ctrip. Safari hii wengine walikaa nyumbani siku mbili tu kwa wiki, tatu zilizobaki wakawa ofisini. Ufanisi haukushuka wala kupanda, vyeo havikuathirika, lakini walioacha kazi walipungua kwa theluthi. Niliwasomea wenzangu wawili kwa simu. Mmoja anakaa Chuno, analala chumba kimoja na wadogo zake, kompyuta anaiweka juu ya pipa la maji lililofunikwa ubao. Mwingine yuko Mikindani, mtandao wake unategemea upepo. Wote watatu tulikuwa na wazo moja na hakuna aliyetaka kulisema, kwa sababu lilikuwa linaonekana la ajabu: kukodi ofisi kwa fedha zetu.

Tumekodi. Ni fremu ndogo, kati ya muuza vipuri vya pikipiki na fundi cherehani, shilingi 60,000 kwa mwezi, kila mmoja 20,000. Tunakwenda Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Meza mbili, feni moja, na mlango wa bati unaofungwa kwa kufuli. Saa kumi na moja na nusu jioni fundi cherehani anaanza kuingiza mashine yake ndani, na sisi tunafunga. Siku ya kwanza tulikaa karibu saa nzima hatujafungua kompyuta, tunaulizana tu habari za watu wa nyumbani, kama waliotoka safari. Hesabu ya bohari iliyokuwa imenisumbua wiki mbili, mwenzangu wa Chuno alilipata kosa lake akiwa amesimama nyuma yangu, anakunywa chai.

Mama aliuliza mara ya kwanza aliponiona nimevaa viatu: "Wamekufungulia ofisi?" Nikamwambia hapana mama, tumejifungulia. Akanyamaza, akanifungia ming'oko ya kuchemsha kwenye kifuko, nikaondoka. Jioni niliporudi nilisikia kelele za wanangu tangu kwenye kona ya nyumba, na nikatembea polepole.

Sijui tutaweza kwa muda gani. Mshahara haujaongezeka, na 20,000 ni kilo kadhaa za unga. Mjomba amekuja mara mbili na kukuta sipo, akamwambia mama kwamba siku hizi nina kazi kwelikweli. Kwa kampuni tumeandika barua ya pamoja, watu watatu, tukaambatisha picha ya ukurasa wa daftari letu: pango, uniti za umeme, bando, nani kalipa nini na tarehe ngapi. Hatukuomba kiti wala meza. Tumeomba warudishe sehemu ya pango waliloacha kulipa Juni 2021, na wakubaliane nasi kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni simu haiiti isipokuwa kwa dharura. Ni mwezi wa pili huu, bado hawajajibu.

Kesho ni Jumatatu. Zamu ya kununua umeme ni yangu.